Mbwa mzee anayeumwa meno alishwe nini?

Swali
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye umri wa miaka 12, siku hizi hutafuna ugali wa dona kwa upande mmoja tu wa kinywa, huku akidondosha vipande na kutokwa na ute mwingi. Njaa anayo, kwani hukimbilia sahani kisha akarudi nyuma. Nimpe chakula gani ambacho hakitamwumiza wala kumdhoofisha? Nipo Morogoro.

Jibu la kwanza
Mifupa mwondolee leo hii, hasa iliyopikwa, maana huvunjika vipande vyenye ncha kali. Dagaa wakavu waoshe vizuri hadi mchanga utoke, uwatwange wawe unga, kisha uwachanganye na wali uliopondwa au ugali uliolegezwa kwa supu ya nyama isiyo na chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu, kwa kuwa vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Yai la kuchemsha lililopondwa nalo linafaa. Ikiwa hununua chakula kikavu cha dukani, kiloweke katika maji ya uvuguvugu hadi kilainike. Mpe kidogo kidogo, mara tatu kwa siku.

Jibu la pili
Ushauri huo ni mzuri, lakini chakula laini hakiponyi jino. Dalili ulizozitaja mara nyingi hutokana na ukoga uliogandamana chini ya fizi na kuoza mizizi, na mbwa anaweza kuendelea kula hali ana maumivu makali. Kwa kuwa upo Morogoro, mpeleke katika hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wakiona haja ya kung'oa, atapewa nusukaputi, kwa hiyo omba damu ipimwe kwanza ili figo na ini vijulikane hali yake. Nakusihi pia usimpe diklofenaki wala ibuprofeni za binadamu, kwani zinaweza kumtoboa tumbo na kuua figo zake.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Je, akishang'olewa magego, ataweza kula tena ugali wa kawaida?

Jibu la pili
Ataweza. Mbwa humeza zaidi kuliko anavyotafuna, hata wasio na jino hata moja hunenepa. Mlishe vyakula laini kwa takriban wiki mbili hadi fizi zifunge, kisha umrudishie ugali uliokatwa vipande vidogo.