Betri za drili 18V kwenye baiskeli ya umeme: naweza kuunga mbili?

Fundi_Pongwe
Wakuu, habari za kazi. Mimi ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, natoka Pongwe kuingia Tanga mjini, kama kilomita 15. Nimepata baiskeli ya umeme ya mtumba, mota iko gurudumu la nyuma, 36V 250W. Mota nzima, kontrola (kisanduku kinachoongoza umeme wa mota) nzima, ila betri imekufa na bei ya mpya imenishinda. Ninazo betri nne za drili za Makita, 18V 5Ah. Nikiunga mbili kwa mfululizo napata 36V. Zitabeba, au nitaziua nikose hata za kutobolea? Drili ndiyo inayonilisha, sitaki kubahatisha.

Saketi255
Zitabeba mkuu. Mota hiyo inakula kama ampea 7, kilimani inaweza kufika 15. Drili ikikwama kwenye zege huvuta zaidi. Weka fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na betri, ufunge kazi.

MamaSeli
Fundi, nakujibu kwa kirefu kwa sababu kufungua betri hizi ndiyo kazi yangu.

Aliyotangulia kusema ni kweli, lakini kinachoua betri hizi mara nyingi si ampea. Ndani ya hiyo 5Ah kuna jozi tano za seli zilizofuatana. Seli ikishushwa chini ya volti 2.5 inaharibika, na kuichaji tena baada ya hapo ni kukaribisha moto. Kwenye drili, chaji ikikaribia kuisha ni drili yenyewe inayokata. Betri nyingi za aina hii hazijikati. Kontrola ya baiskeli inapima jumla tu, na za 36V hukata kwenye volti 31 hivi. Sasa unga betri nzima na iliyochoka. Nzima iko 18, iliyochoka imeshuka 13, jumla 31. Kontrola bado inaruhusu, na seli za ile iliyochoka ziko 2.6. Mteja aliniletea moja ya namna hiyo ikisoma jumla ya volti 4 tu. Nilikataa kuifufua, na nitakataa tena.

Chukua mbili zilizonunuliwa pamoja na kufanya kazi sawa, uzitenge kwa baiskeli. Kila moja ipate kipima volti chake chenye relei (swichi inayojiendesha kwa umeme), kikate kwenye 15.5. Usipitishe mkondo wa mota kwenye relei hizo, ni ndogo. Ziunge kwenye nyaya nyembamba za breki za kontrola, zile zikigusana mota inasimama. Ikisimama, nyonga kwa miguu, hata kama betri ya pili inasoma 18.

Mbili hizo zinabeba kama wati-saa (Wh) 180, yaani volti 36 mara 5Ah. Ukisaidia kwa kunyonga, kilomita moja inakula Wh 10 hivi. Kwenda utafika, kurudi lazima uchaji saiti, kila betri kwenye chaja yake, na uziache zipoe kwanza.

Fundi_Pongwe
Ahsante sana mama. Na nikiunga zote nne, jozi mbili sambamba, nisichaji mchana?

MamaSeli
Usifanye hivyo mwanangu. Jozi yenye chaji nyingi itaisukumia nyingine mkondo bila kizuizi chochote, tena kupitia njia ambayo haikutengenezwa kuchajia. Jozi ya pili ibebe kwenye begi, ubadilishe ya kwanza ikikata.

Saketi255
Naongezea: ukifika chomoa betri, maana hivyo vipima navyo hunyonya taratibu hata baiskeli ikiwa imeegeshwa.

Fundi_Pongwe
Sawa wakuu. Zangu mbili nilinunua siku moja, ndizo zitakazokwenda kwenye baiskeli. Vipi mvua? Huku ikianza masika hainyeshi kwa mchezo.

MamaSeli
Zifunge chini ya bomba la juu la fremu, matundu ya kuunganishia yaelekee chini ili maji yasituame. Mfuko wa nailoni usiukaze, utafungia joto ndani. Ukikuta kutu ya kijani kwenye vyuma vya kugusana, safisha kabla ya kuchaji.