Eti theluji yangu ni barafu ya kulazia samaki, migebuka! Huyu mtu amezidi dharau

Wakuu, nimetoka kijiweni hapa Kigoma sasa hivi, kahawa nimeiacha nusu, mikono inatetemeka. Makosa ya herufi mnivumilie.

Huyu mtu mnamjua. Simtaji. Watu wa Ujiji mnamjua, watu wa Mwanga mnamjua, hata dagaa huko ziwani wanamjua. Yule ambaye mto Malagarasi hajawahi kuuvuka, lakini ukitaja nchi yoyote ya dunia hii anakusahihisha. Yule anayekunywa kahawa ya watu wanne na kulipa ya nusu mtu.

Leo nimefika vizuri, nimesalimia wazee, nimeagiza kahawa na kashata, wakaniuliza habari za safari. Wengi mnajua dada yangu ameolewa Grenoble, Ufaransa. Yeye na shemeji walinialika, tukafanya wiki nzima ya skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na mbao ndefu miguuni, leo mlima huu kesho mlima ule. Basi nikatoa simu nikaanza kuonyesha picha. Wazee wametulia, baba mdogo anasema mashaallah. Ndipo huyu mtu akanyoosha mkono, akaichukua simu YANGU kutoka mkononi MWANGU, akaikuza picha kwa vidole, akaigeuzia benchi zima, akasema:

"Hii mbona barafu ya Kibirizi, ile ya kulazia migebuka. Oneni hapa kwenye kona, mkia huu."

Mkia!

Kijiwe kikalipuka. Waliokuwa wanacheza bao wakamwaga kete. Muuza kahawa akatua birika chini ili ashike mbavu. Baba mdogo, baba yangu mdogo wa damu, aliyenisindikiza mwenyewe siku naondoka, akacheka mpaka akavua kofia ajifute machozi.

Wakuu, ule si mkia. Ni ncha ya skii ya dada yangu. Watu wakisimama kula mchana huchomeka skii zao kwenye theluji, zinasimama wima, na ncha zake zimepinda. Picha ile nilipiga Val Thorens, kijiji kilichojengwa mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Sisi hapa ufukweni tuko kama mita 770. Mgebuka gani amepanda huko? Kwa nauli ya nani?

Tulianzia Chamrousse, juu kidogo ya Grenoble, kwenye miteremko ileile ambayo Mfaransa Jean-Claude Killy alichukulia dhahabu tatu za Olimpiki mwaka 1968. Tukapanda Alpe d'Huez, barabara yenye kona 21, kila kona na namba yake. Tukaenda Chamonix, ilikofanyika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924, tukaingia kwenye gari la waya mpaka kilele cha Aiguille du Midi, mita 3,842, masikio yanaziba, pumzi inakuja kwa mkopo, na mlima Mont Blanc wenyewe uko mbele ya macho yako mweupe wote. Nilisimama pale nikashindwa hata kuongea. Halafu tukapita handaki la kilomita zaidi ya 11 chini ya mlima huohuo, ukitoka upande wa pili uko Italia, Courmayeur. Nchi mbili! Milima yote hiyo! Nije kuambiwa Kibirizi na mtu ambaye hata Kibirizi kwenyewe haendi mpaka apewe lifti ya pikipiki!

Na angesema barafu akaishia hapo ningemeza. Lakini aliugusa kwa kidole. Akaweka kidole chake chenye mafuta ya kashata juu ya picha yangu akasema mkia huu. Kisha akaniuliza mbele ya wazee, "Kilo unatoa shilingi ngapi?"

Kilo!

Nataka aniombe radhi palepale kwenye benchi, mbele ya wote waliocheka. Simu sitapokea, ujumbe sitasoma.

Mvuvi wa Usiku: Uzi bila picha? Weka picha tuamue wenyewe.

Bi Mawese: Pole mdogo wangu. Huyo namjua vizuri. Ndiye aliyesimama kwenye harusi ya mwanangu akauliza kwa sauti kama pilau limepikwa au limehukumiwa. Mpaka leo wakwe wananiangalia jicho la pembeni.

Mtu wa Gungu: Nilikuwepo pale. Mleta uzi ameruka mambo. Alianza kutuonyesha picha kabla ya alasiri, adhana ikapita, watu wakaenda wakaswali wakarudi, bado yuko kwenye milima. Na tuseme ukweli, mkia unaonekana.

Mleta uzi: Si mkia! Na wewe nilikuona, ulikuwa wa kwanza kucheka na kahawa nilikununulia mimi.

Mtu wa Gungu: Kahawa nilishukuru. Mkia nao nimeuona.

Kasulu Juu: Mkuu umevuka bahari kufuata baridi? Ungekuja kwetu mwezi wa sita alfajiri, ungeteleza kwenye umande bure.

Mwalimu Mstaafu: Vijana, msimcheke. Skii si ya Wazungu peke yao. Mwaka 1998 kule Nagano, Japani, Philip Boit wa Kenya alishindana kilomita 10 za skii kwenye Olimpiki. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri pale mstarini akamkumbatia. Dunia nzima iliona. Hata Lesotho kuna mahali panaitwa Afriski, watu wanateleza kila mwaka wakati wa baridi. Huyu kijana wetu ameona mambo, aulizwe maswali ya maana.

Mvuvi wa Usiku: Sawa Mwalimu. Swali la maana: huyo Boit naye pembeni yake kulikuwa na mkia?

Mwalimu Mstaafu: Ndiyo maana mlikuwa mnafeli jiografia.

Dogo wa Bangwe: Mimi namuuliza la kweli. Kama alienda, atuambie njia za kuteremkia zinatofautishwaje.

Mleta uzi: Kwa rangi. Ufaransa kijani ni ya wanaoanza, inafuata bluu, kisha nyekundu, nyeusi ni ya waliobobea. Alpe d'Huez kuna nyeusi inaitwa Sarenne, kilomita 16 za kuteremka tu. Na buti unalovaa ni la plastiki ngumu, linakaa kwenye kifungo juu ya skii. Fundi anakipima kifungo hicho kwa uzito wako, urefu wako, umri wako, urefu wa soli ya buti na uzoefu wako, ili ukianguka kiachie chenyewe mguu usivunjike. Haya, mtu wa Kibirizi atayajuaje hayo?

Dogo wa Bangwe: Simu yangu inayajua na haijawahi kufika hata Mwandiga.

Mleta uzi: Mnaona? Dharau zinaambukiza. Kidole kile kile! Bado nakiona kidole kile kwenye picha yangu!

Mwenda Pole: Mimi linaniudhi jingine. Kilimanjaro ni mita 5,895, huo Mont Blanc haufiki hata mita 4,900. Wa kwetu hatujaupanda, tunaenda kulipa pesa ya kuutazama wa jirani.

Bi Mawese: Amesema kaalikwa na dada yake. Wewe dada yako amekualika wapi?

Mwenda Pole: Dada yangu alinialika kwenye kikao cha michango ya harusi.

Bi Mawese: Hahaha pole baba. Kuna mtu wa vikao hivyo, mnamjua, anaahidi laki mbili kwa kipaza sauti na kupigiwa vigelegele, siku ya siku anakuja na bahasha ya elfu tano na watoto sita. Huyo nimshitaki wapi?

Mama Kuhe: Samahani jamani, naingilia. Mmetaja barafu ya Kibirizi. Wiki hii mnachukua kwa nani? Maana yule wa kule chini, simtaji, ananipimia nusu barafu nusu maji. Nikifika sokoni na ndoo yangu samaki wangu kuhe wanaelea, wateja wananiuliza kama nawauza au nawafuga.

Mvuvi wa Usiku: Huyo! Mimi alinipa kipande, nimepita nacho Mwanga kimebaki ukubwa wa sabuni. Nimefika Gungu sina kitu, nina gunia lililolowa.

Mama Kuhe: Na ukimrudia anasema jua ni la Mungu.

Mvuvi wa Usiku: Mimi aliniambia nilikimbia taratibu.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Nilisema huyu mtu aniombe radhi.

Mama Kuhe: Tutarudi mwanangu, subiri kwanza. Aliyenunua barafu ya mzani mzuri aniandikie ni upande gani, wa karibu na mitumbwi au wa barabarani?

Mtu wa Gungu: Wa barabarani, ila wahi alfajiri na uende na pumba za mbao za kufunikia. Ukichelewa utapewa yale mabaki.

Mzee wa Isevya: Salamu kutoka Tabora. Nyie mna nafuu, ya kwenu yanayeyuka mkiyaona. Huku kuna muuza asali, watu wa Tabora tunamjua wote, anachemsha sukari guru, anatia kwenye chupa, anadondosha na nyuki mmoja mfu juu kama mhuri wa serikali. Shemeji yangu alitoka Dodoma akabeba dumu zima. Amenipigia simu, hajasema hujambo, ameuliza tu, "Shemeji nimekukosea nini?"

Kasulu Juu: Asali mje Kibondo. Tabora mnabebwa na jina.

Mzee wa Isevya: Tafadhali kijana. Asali ya miombo ya Tabora babu zako waliinunua.

Kasulu Juu: Mbona ya kwenu inaganda ikikaa?

Mwalimu Mstaafu: Kuganda si kasoro. Asali halisi nayo huganda, ukiiweka chupa kwenye maji ya moto kiasi inarudi.

Kasulu Juu: Mwalimu nawe umeshaonjeshwa, naona.

Mzee wa Isevya: Mwacheni Mwalimu. Ninayo ya nyuki wadogo, nimerina mwenyewe Urambo, nyuki mfu hayumo.

Mleta uzi: Kwa hiyo hakuna anayekwenda kumwambia?

Bi Mawese: Mzee wangu wa Isevya, hiyo ya nyuki wadogo lita unatoa bei gani? Mjukuu wangu ana kifua. Nataka lita mbili, ila nionje kwanza, maana huyo wa sukari guru naye alinifikia mpaka huku. Nani anapanda treni wiki hii aje nayo?

Mtu wa Gungu: Bamkubwa yuko Tabora, anarudi Jumamosi. Ila mwambie aifunge vizuri, mara ya mwisho alibeba mawese yakamwagikia mchele wa mtu, kesi haijaisha.