Mrejesho: chakula cha shule bila vifuko vya plastiki

Habari zenu wapendwa, mimi ndo yule mama wa Kigoma niliyeuliza nifungeje chakula cha mchana cha wanangu wawili bila vile vifuko laini (mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 ila hivi vya kufungia bado vimejaa mitaani) na bila kutoa buku (elfu moja) kwa kila mtoto kila siku.

Ushauri wa kukagua mabaki ndo umenisaidia kuliko yote. Kila jioni nafungua vikontena vyao naangalia kimebaki nini, kumbe mdogo alikuwa anarudisha ugali kila siku maana ikifika saa saba umeshakauka juu umekuwa mgumu, basi nikaacha ugali, sasa ni mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha na dagaa wa Kibirizi, na kila mmoja nampimia kadri anavyomaliza. Ila dagaa nawachuja mafuta kabisa kwanza, siku ya pili mawese yalivuja yakaingia daftari la hisabati kurasa zote, rangi ile haitoki jamani, niliumia sana.

Kontena nafunga na kipande cha kitenge, dada uliyenielekeza asante mno, mtoto anakitandika mapajani akila. Maganda ya ndizi wanarudi nayo, mbuzi wa jirani ndo wanayala.

Hela imeshuka toka elfu kumi kwa wiki mpaka elfu tano hivi. Jumatatu najaribu maharage makavu na karanga, kontena likirudi tupu nitawaambia.