Je, kamera ilimdhalilisha Edie Beale au ilimpa alichokitafuta?

Mtazamaji:
Ndugu zangu, nimeitazama tena filamu ya hali halisi ya Grey Gardens, iliyotolewa mwaka 1975 na ndugu wawili, Albert na David Maysles, na safari hii imenikosesha raha. Inawahusu mama na binti, wote wakiitwa Edith Beale, shangazi na binamu wa Jacqueline Kennedy, aliyekuwa mke wa Rais John Kennedy wa Marekani. Wawili hao walikuwa wakiishi katika jumba huko East Hampton, New York, katikati ya paka, viroboto na rakuni, wanyama wadogo wa porini. Binti huyo, Edie, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, hachoki kujionyesha: mara aimbe, mara acheze gwaride na bendera ndogo ya Marekani mkononi. Je, ni haki kumrekodi mtu ambaye kiu yake ya kutazamwa ni kubwa kiasi hicho?

Mama Salma:
Swali lako, ndugu yangu, linamnyima Edie akili zake. Kabla ya akina Maysles kufika, wakaguzi wa afya walikwisha kuingia katika nyumba ile, na magazeti yakatangaza uchafu wake hadi Jacqueline na dada yake Lee wakagharamia usafi. Aibu ilikuwa imekwisha kuanikwa. Filamu ilimpa mwenyewe nafasi ya kusema. Tazama anavyoyaeleza mavazi yake: sketi inaweza kuvuliwa ikatupiwa mabegani kama joho. Huyo ni mtu anayejua anachokifanya. Mama yake alipofariki mwaka 1977, hakungoja mwaka uishe vizuri kabla ya kupanda jukwaani katika klabu moja ya New York, Januari 1978, kuimba na kucheza mbele ya watu, jambo alilolitamani tangu ujana.

Msomaji wa Pwani:
Nakubaliana na Mama Salma kuhusu akili za Edie, lakini linaloniuma ni jingine. Ndugu wa Maysles walifika pale kwanza kwa ajili ya filamu iliyomhusu Lee, si Edie. Bila jina la Kennedy, nani angesimama kumtazama mama mzee akichemsha mahindi kando ya kitanda chake? Kisha, mwaka 2006, maisha yao yakawa mchezo wa kuimba huko Broadway, kitovu cha maigizo cha New York, na vilemba alivyovifunga kwa pini ya mapambo vikaigwa na wabunifu wa mitindo. Umaarufu ulimpenda pale tu ufukara wake ulipopata ukoo wa kuusimulia.

Mtazamaji:
Nawashukuru nyote wawili. Nilikuwa nimeelekeza lawama zote kwa waliobeba kamera, nikayasahau macho yetu sisi tunaotazama. Nimerudia sehemu ya mwisho, Edie anapocheza peke yake ukumbini huku akirekodiwa kwa mbali kupitia uzio wa ngazi, na kwa mara ya kwanza nimetamani aendelee.