Maharage ya kutambaa na watoto: nani amewahi kuyapanda Nakuru?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Huku Section 58 majirani wameanzisha mashindano ya bustani za watoto. Kila nyumba ipande maharage yanayopanda juu, mwisho wa msimu waje kupima. Mkubwa wangu ana miaka saba, mdogo minne. Msimu uliopita nilinunua maharage ya rosekoko sokoni, wakayafukia wenyewe, yakaota vizuri, kisha yakagota magotini. Tukasimamisha fito, tukafunga kamba, wapi! Mtoto akaniuliza kama maharage ya Kenya ni mavivu. Wifi zangu wa huku walicheka mpaka machozi. Mliotangulia, nisaidieni, mvua za Machi ndizo hizo.

Mama wa wawili

---

Marahaba binti.

Maharage hayana kosa. Rosekoko ni ya kichaka, hata uyawekee mlingoti wa bendera hayapandi. Nenda agroveti uulizie mbegu za kutambaa, Kenya Tamu au Kenya Mavuno. Wakikuambia "haya pia yanapanda," toka dukani. Baridi ya huku, mita zaidi ya 1,800 juu ya bahari, inayafaa. Mwenzetu aliyejaribu Kisumu maua yalimpukutikia kwa joto.

Fito ziwe za mita mbili na ushee, zichomekwe siku ile ile ya kupanda, maana ukichelewa utachoma mizizi. Punje mbili kila ufito, kina cha sentimita tatu hadi tano. Na ziwe kavu! Mwaka jana nilijiona mjanja nikakata mabua mabichi ya nepia, yale majani ya ng'ombe. Baada ya wiki kadhaa fito zangu zilikuwa na majani, zinagombania maji na maharage. Mjukuu akazipenda kuliko maharage yenyewe, akataka tuziingize kwenye mashindano.

Utamu uko hapa. Ukitazama kwa juu, ncha ya maharage huzunguka kinyume na mwendo wa saa. Mjukuu aliizungushia upande wa pili, akaifunga kwa uzi. Asubuhi tukaikuta imechomoka, imerudia njia yake. Kesho yake tukachomeka njiti ya kiberiti pale ncha ilipoelekea, tukaingia ndani kunywa chai. Tulipotoka ilikuwa imehama, inatazama ukuta wa jirani. Mtoto akakaa pale mpaka akaitwa kula.

Kupima urefu tu mimi naona ni kuonea maharage, wangehesabu na maganda. Lakini hayo ni ya majaji.

Huyo wa miaka minne mwangalie. Maharage yasiyochemka sawasawa yanatapisha, na punje nayo hupenda pua za watoto.

Mzee wa Lanet

---

Asante sana babu. Agroveti ya tatu ndiyo iliyokuwa na Kenya Tamu, nimechukua robo kilo. Wamepanda Jumamosi, fito kavu kabisa, nimezivunja moja moja kuhakikisha! Shida sasa ni huyu mdogo. Kila asubuhi anafukua kuona kama yameota, kisha anarudisha udongo na kuupigapiga kama anabembeleza mtoto. Nikimkataza analia.

Mama wa wawili

---

Panda punje sita pembeni, mwambie hizo ndizo zake za kufukua.

Mzee wa Lanet