Sikio la mama linasumbua miezi mitatu na sasa mdomo unaenda upande. Aliwahi kuugua saratani ya titi

Kifunguamimba: Wakuu, habari za jioni. Mama ana miaka 61, alikatwa titi 2019, akamaliza dripu na mionzi. Sasa sikio la kulia limeziba, linavuma kama redio iliyokosa stesheni, usiku linauma hadi anakaa kitandani. Zahanati wamempa dawa ya matone mara tatu, wanasema ni usaha wa ndani. Wiki mbili hizi mdomo unapinda taratibu. Juzi chai ilimwagikia kwenye kanga, akajifanya hajaona. Majirani wanasema upepo mbaya, twende kwa mganga.

Dokta Mstaafu: Pole sana. Mganga mwacheni kwanza. Neva ya uso hupita kwenye kijia chembamba ndani ya mfupa wa sikio. Kupooza uso kule kwa kawaida huja ghafla, ndani ya siku tatu. Kukija polepole, upande uleule wa sikio bovu, kwa mtu aliyewahi kuwa na saratani, mfupa lazima uangaliwe. Saratani ya titi inaweza kufika huko kupitia damu, hata miaka mingi baadaye, na dalili zake huweza kufanana na za sikio la usaha. Sijasema ndiyo hiyo. Hata usaha sugu hula mfupa. Aonwe na daktari wa masikio wiki hii, afanyiwe vipimo vya picha, CT scan ya mfupa wa sikio na MRI. La titi mlisema?

Kifunguamimba: Hatukusema. Titi na sikio, wapi na wapi?

Mzee wa Busara: Kitunguu saumu kwenye sikio, siku saba.

Binti Mrima: @Mzee wa Busara, weka kwenye lako. Mkuu, shangazi yangu alikuwa hivyohivyo. Tulirudi Ocean Road, hospitali ya saratani alikotibiwa titi, akapigwa mionzi, akabadilishiwa dawa. Kusikia hakukurudi, ila maumivu yalipungua akaanza kulala. Beba faili la zamani lenye majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye titi. Na jicho linafunga? Kama halifungi, ulizia matone ya kulilainisha, usiku lifungeni kwa plasta, lisije likapata kidonda.

Kifunguamimba: Halifungi, nimetoka kumwangalia amelala. Faili nimelikuta juu ya kabati, chini ya mabeseni. Tunaondoka kesho alfajiri. Amekubali kwa sharti moja, bibi asiambiwe.