Tupeane uzoefu: kamati ya kulinda bahari kijijini kwenu inafanya kazi kweli, au siku ya wageni tu?

Mtu wa Diko
Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Juzi kwetu wamekuja watu wa kutathmini mradi wa bahari. Wamekaa na viongozi wa BMU, ile kamati ya wavuvi ya kulinda bahari, chini ya mkungu, wamejaza fomu, wamekunywa madafu, wameondoka. Fomu inauliza: mna katiba? Mna akaunti benki? Mnakaa vikao vingapi kwa mwaka? Vyote tunavyo. Na usiku ule ule nyavu za macho madogo zimeshushwa kama kawaida, na kijiji kizima kinajua ni za nani.

Mamlaka kwenye karatasi tunayo siku nyingi. Tanzania Bara, BMU zimo kwenye Sheria ya Uvuvi ya 2003. Kenya walitunga kanuni zao 2007. Zanzibar kuna kamati za wavuvi za shehia. Sasa nauliza wewe unayeishi hapo: unatazama nini ukitaka kujua kama kamati yenu ina faida? Leteni visa, nadharia tunazo za kutosha. Penye lawama msitaje kijiji wala mtu.

Mchokoa Pweza
Mie niko upande wa Kilwa. Tunafunga mwamba wa pweza miezi mitatu, kisha tunafungua. Pweza anakua mbio, ukimwachia kidogo tu unamkuta mwingine kabisa, hilo halina ubishi. Hata ile sheria ya kutouza aliye chini ya nusu kilo, siku ya kufungua hahitajiki mtu wa kuisimamia.

Lakini nikwambieni siku tuliyofungua mara ya kwanza. Wageni wa mradi wapo, kamera zipo, mwenyekiti kapuliza filimbi. Sisi wanawake tunachokoa kwa miguu, maji ya magotini. Vijana wana miwani wanazamia penye kina, na wavuvi wa dago, wale wa kupiga kambi kutoka kwingine, nao wamekuja na boti zao. Kufika saa tano mzani umejaa pweza wa kilo mbili, kilo tatu, picha zimepatikana. Ndoo yangu ina wawili. Na tajiri anayetununulia kashashusha bei, maana pweza wote wametoka siku moja. Miezi mitatu nimefunga mkanda mimi, waliokula wengine. Kwenye ripoti ile siku imeandikwa ni mafanikio makubwa.

Tulisema sana mkutanoni, mpaka wengine wakatuita wachochezi. Msimu uliofuata bamvua la kwanza, yale maji yanayojaa na kukauka sana, wakaachiwa wanaokwenda kwa miguu, wazamiaji wakasubiri, wa dago hawakuruhusiwa kabisa, na bei ikapatanwa na wanunuzi kabla filimbi haijapulizwa. Kwa hiyo mimi siulizi pweza wametoka kilo ngapi. Nauliza wametoka mikononi mwa nani.

Na jambo jingine, nyie wa tathmini: msije saa nne asubuhi siku za bamvua! Saa hizo maji yamekauka, wanawake wote tuko mwambani. Mkutano unajaa wanaume, halafu mnaandika "ushiriki wa wanawake ni mdogo."

Karani wa Mzani
Dada hapo juu umenena. Nami niongeze la kwangu, maana kazi yangu ni kupima samaki diko, pale vyombo vinaposhusha, na kujaza daftari.

Niliwahi kufanya kazi na mradi mmoja ambao takwimu za mwanzo zilichukuliwa Julai, kusi limepamba moto, ngalawa nyingi zimepandishwa pwani. Za mwisho zikachukuliwa Februari, kaskazi limetulia, bahari kama mafuta. Samaki "wameongezeka." Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, posho ilikuwa haijatoka. Hata kama bahari ingekuwa imekufa nusu, Februari ingeshinda Julai tu. Kusi lilinganishwe na kusi, kaskazi na kaskazi, tena mkono wa mwezi ule ule, maana maji mafu, yasiyojaa wala kukauka sana, si bamvua.

Na hizi jumla za tani zisiwazuzue. Wavuvi wakiongezeka mara mbili, jumla inaweza kupanda huku kila mmoja anarudi na kidogo kuliko jana. Mimi naandika vitu vitatu: chombo kilikaa baharini saa ngapi, kilikuwa na watu wangapi, kimeleta nini. Na changu cha nne, ambacho fomu haina: samaki kama changu na tasi wana ukubwa gani.

Mshipi wa Tanga
Mie kipimo changu ni masikio. Tanga tulikuwa na mradi wa pwani tangu 1994 hadi 2007, vijiji vikagawana maeneo ya kusimamia pamoja, miamba mingine ikafungwa, doria ikawa na nguvu. Baruti za kulipulia samaki zikapungua. Miaka iliyofuata zikarudi kwa kishindo, mpaka ukiwa nyumbani unahesabu milipuko kabla ya chai. Zilikuja kutulia pale serikali ilipoingia na vyombo vyake vya dola, kama 2016 na kuendelea.

Kwetu boti ya doria ilikuwepo, ila mafuta yalikuwa ya mradi. Mradi kuondoka, boti ikawa ya kuanikia dagaa. Hivyo tathmini ya mwaka wa mwisho wa mradi mimi siiamini hata kidogo. Rudini baada ya miaka mitano, bila gari lenye nembo, mkae mlale.

Tena tusiwabebeshe wanakamati mzigo usio wao. Mvuvi wa mshipi hawezi kumkamata mtu mwenye baruti mkononi.

Kilifi Damu
Huku kwetu Kilifi, Kenya, watu husifu sana kijiji cha Kuruwitu, na ni haki yao. Wazee walifunga kipande cha bahari, kama hekta 30, wakakiita tengefu, mwaka 2017 wakapata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mwaka huo huo Mikoko Pamoja ya Gazi, kule Kwale, nayo ikapata, wale wanaouza hewa ya kaboni ya mikoko na pesa zinaingia kwenye maji na shule. Gazi mtu anakuonyesha bomba la maji, maneno yanaisha.

Ila tengefu haina bomba la kuonyesha. Mimi ni mama karanga, nanunua samaki, nakaanga, nauza. Nikitaka kujua kama kufunga bahari kunasaidia, siendi ndani ya tengefu kutazama samaki wazuri. Naangalia wenye madema wanatega wapi. Wakianza kusogea wenyewe mpakani mwa tengefu, najua kuna kitu kinatoka pale. Mvuvi hatumii nguvu zake bure.

Mtu wa Diko
Asanteni, haya ndiyo niliyotaka. Lakini bado hamjanijibu la nyavu. Mwenye nyavu zile ndiye tajiri wetu. Mashine kakopesha yeye, barafu yake, mtoto akiugua unakimbilia kwake. Nusu ya kamati anawadai shukrani, nusu iliyobaki anawadai pesa. Nani atamkamata?

Mchokoa Pweza
Kwetu ilikuwa hivyo hivyo, kaka. Tulichofanya ni kukubaliana kwamba aliye na deni la tajiri yeyote haingii kikosi cha doria. Anaweza kuwa mjumbe, akapiga kura, akala pilau ya mkutano, ila doria haendi wala daftari la faini halishiki. Walijiondoa wengi, tukabaki wachache: wanawake wa pweza, wenye mishipi na mwalimu mmoja mstaafu. Faini na matumizi yanabandikwa ukutani diko kila mwisho wa mwezi, na mwezi wa kwanza tu jina la tajiri likatokea pale. Alikuja kulibandua tangazo mwenyewe, mchana kweupe.

Karani wa Mzani
Mkafanyaje?

Mchokoa Pweza
Mwalimu akaandika lingine.